Kwa Nyamizi, Kabla Hujanunua Pikapu

Mwanangu Nyamizi,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, kwenye pikapu yetu hapa uani Ipuli, karatasi nimeiegemeza kwenye usukani. Ndani hakukaliki. Baba yako amelifungua tena sanduku lako ili alipange upya, shangazi yako anakaanga kuku wa safari, wewe mwenyewe umekwenda Mtendeni kuagana na wenzako, na kila anayepita ananiuliza kama nimekwisha kukufungia matobolwa. Nimekufungia. Viazi hivyo nilivichemsha na kuvianika kwa mikono yangu, kwa hiyo usiwagawie watu wa behewa zima kabla treni haijafika Kaliua.

Mambo ya kula na kulala sikuandikii. Kama kwa umri huu hujui kujitunza, basi nilishindwa mimi zamani na barua haitasaidia kitu. Nataka tuzungumze habari ya gari.

Jana tukiwa mezani ulitoa simu ukatuonyesha picha za pikapu mbili zinazouzwa huko Mpanda. Moja nyeupe, inang'aa, kilomita elfu themanini na kitu. Nyingine ya kijani, imepauka boneti, kilomita laki tatu na arobaini. Zote za dizeli, na bei zake karibu sawa. Ukacheka ukasema, "Hii ya kijani si gari, Mama. Huyu ni mzee anayesubiri pensheni." Mimi nikafungua mdomo. Baba yako akanikanyaga mguu chini ya meza, nikaufunga. Ndipo ukasema lile neno ambalo sijalimeza mpaka sasa: "Na tafadhali, Mama, usije Mpanda. Najua unapanga kuja. Niache nichague mwenyewe."

Nilikuwa napanga, sikatai. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na fundi Hamisi tufuatane kwa treni ya baadaye, tujitokeze pale kama watu waliopita tu. Unanijua vizuri mno, na hilo linanifurahisha hata likiniudhi.

Lakini nielewe kwa nini nilitaka kuja. Kila ulichoweka akiba kwa miaka yote hii ya kushona sare za shule na magauni ya harusi za watu kinaingia kwenye gari hilo moja. Likiwa zima, utakuwa mfanyabiashara wa asali. Likiwa bovu, utakuwa msichana mwenye gari bovu kwenye mji usio na ndugu, na asali ya watu imekaa kwenye madumu porini inakusubiri. Nalijua hilo kwa sababu msichana huyo niliwahi kuwa mimi. Basi, siji. Kuandika hukunikataza.

Gari langu la kwanza hukulikuta. Nililinunua kabla sijaolewa, kupitia dalali mmoja wa magari pale karibu na stesheni, mzee akiitwa Chidosa. Alikuwa Mgogo, mtani wetu. Unajua sisi na Wagogo tulivyo. Tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo begani kwenda pwani, hatujaacha kutukanana, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Chidosa kila aliponiona alikuwa akiniuliza leo nimebebeshwa nini. Mimi nilikuwa nikimuuliza punda wake hajambo.

Siku ya kuliangalia gari, mwenye gari mwenyewe alikuwepo, amesimama na funguo mkononi. Lilikuwa pikapu ya bluu, imepigwa rangi upya, na kwenye dashibodi kilomita elfu sitini na kidogo. Nilipoziona tu moyo ukatulia. Niliona nimeokota dhahabu.

Chidosa akanitazama, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Wewe mpagazi, gari hili usilinunue. Limebeba mizigo kumshinda babu yako. Linakunywa oili kuliko wajomba zako wanavyokunywa pombe."

"Na hizo kilomita je?" nikamuuliza, huku nacheka.

"Hizo tumekuandikia wewe. Mnyamwezi akiona namba ndogo anadhani amepunguziwa mzigo."

Nikamwambia Mgogo ataijulia wapi injini, yeye aendelee na punda wake. Watu wakacheka. Mwenye gari naye akacheka, kicheko kifupi, kisha akanipa funguo nikalijaribu. Nikalizungusha mpaka sokoni na kurudi, nikalinunua.

Mwanangu, yule mzee alikuwa ameniambia kweli tupu, neno kwa neno. Mwenye gari amesimama pembeni, asingeweza kunivuta kando akanong'ona. Akatumia njia pekee aliyokuwa nayo, ya utani, ambayo kwayo mtu anaweza kusema lolote na asiulizwe. Nami kwa kuwa ni mtani nikacheka tu. Sijui kama watu wa makabila mengine wanaweza kuingia mkenge wa namna hii. Sisi tunaweza.

Na ushahidi wote ulikuwa mbele ya macho yangu. Raba ya pedali ya klachi ilikuwa imelika mpaka chuma kinachungulia. Usukani umelainika kama mchi wa kutwangia uliorithiwa. Kiti cha dereva kimebonyea upande mmoja, umbo la mtu aliyekikalia miaka na miaka. Gari la kilomita elfu sitini halina kiti cha namna hiyo. Dashibodi ilisema hivi, pedali ikasema vile, nami nikaisikiliza dashibodi kwa sababu ndiyo iliyosema nilichotaka. Tena nilikwenda saa sita mchana, nikakuta injini ina joto, na sikujiuliza nani ameliwasha gari asubuhi na kwa nini.

Jibu nililipata kesho yake alfajiri. Nilipolipiga stati, stata ililia, injini ikakohoa, ikatetemeka, halafu ikatoa moshi wa bluu uliofunika uwanja huu wote. Kuku wa jirani walikimbilia barabarani. Mimi nimekaa ndani, nimeshika usukani, sithubutu kutoka.

Bibi yako Nyamizi, ambaye jina lake ndilo ulilopewa, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alisimama kwenye ule moshi, akalitazama gari mbele mpaka nyuma. Mama yangu hakuwahi kushika usukani maisha yake yote, lakini harufu ya kitu kinachoungua aliijua kuliko mtu yeyote. Nikangoja aseme. Akasema, "Gari zuri. Subiri nivae, unipeleke Mtendeni kwa dada yangu."

Akavaa khanga zake mpya, akakaa mbele. Tukaenda Mtendeni huku tumeacha wingu nyuma yetu, na yeye amejifunika upande wa khanga puani, anapungia watu mkono mwingine. Tangu siku ile kila safari yake alitaka aipande ile pikapu. Msibani, harusini, sokoni. Watu walikuwa wakimwambia apande baiskeli za abiria afike mapema. Alikuwa anawaambia ana gari la mwanawe.

Nilirudi kwa Chidosa nikitaka kugomba. Akaniambia, "Nilikwambia." Nikamjibu alikuwa anatania. Akaniuliza, "Ulitaka nikwambieje, na mwenye mali amesimama pale?" Na kumkasirikia siruhusiwi. Nikaondoka na hasira yangu nzima nzima. Tangu siku hiyo mtu akiniambia nisichopenda huku anacheka, nacheka naye kwanza, kisha namuuliza tena bila kicheko. Nawe fanya hivyo huko Mpanda. Atakayekupa habari za kweli za gari huenda asiwe anayeliuza. Huenda akawa muosha magari, au mama anayeuza chai pale linapolala.

Ile pikapu ilinifia njiani nikitoka Ulyankulu na madumu ya asali. Haikuzimika kwa aibu, ililia kabisa, ikatema oili chini, ikanyamaza. Jua kali, nyuki wamekwisha kunusa asali, nami nimekaa kivulini nalia kama mtoto. Akapita mzee mmoja na pikapu yake, Mzee Bonifasi, mkulima wa huko huko, wazazi wake walitoka Burundi. Hakuniuliza mengi. Alihamisha madumu, akanipandisha mbele, tukashika njia ya Tabora.

Njiani nikachungulia dashibodi yake. Laki tatu na zaidi. Nikashika mlango, nikasema moyoni leo tutakufa wawili. Lakini kadiri tulivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuisikiliza ile injini. Ilikuwa na mngurumo mmoja tu, hautetemeki, haupandi wala kushuka bila sababu. Nikamuuliza, "Mzee wangu, hizi kilomita zote ni za kweli?" Akasema, "Nimezitembeza mwenyewe, kwa nini nizikane?"

Gari hilo ndilo hili ninamokuandikia barua. Aliponiambia baadaye kwamba anataka kuliuza, nilikwenda na fundi asiyemjua muuzaji wala muuzaji hamjui. Mzee Bonifasi akaniambia, "Njoo asubuhi mapema, sitaliwasha mpaka ufike." Neno hilo moja lilinitosha kuliko maneno yote ya yule wa kwanza. Nikaweka kiganja juu ya boneti, baridi kama jiwe la kisima. Akaliwasha. Moshi mweusi kidogo, ukapotea. Halafu akafungua kifuniko cha kutilia oili, injini ikiwa inaunguruma, akakigeuza juu chini akakiweka palepale juu ya tundu. Kikatetemeka, kikakaa. Fundi akanieleza kwamba injini iliyochoka pistoni na ringi zake hupumulia hapo kwa nguvu mpaka inakirusha kifuniko. Ile pikapu yangu ya bluu ingekirusha mpaka kwa jirani.

Pedali zake zilikuwa zimelika, kiti kimebonyea, usukani umelainika. Lakini dashibodi nayo ilisema laki tatu. Vyote vilisema kitu kimoja. Hicho ndicho ninachokuomba ukitafute, Nyamizi. Usiitafute namba ndogo. Tafuta gari ambalo namba yake na mwili wake havibishani.

Nikamuuliza tena limetembea wapi. Akasema zaidi ni lami ya Nzega na Shinyanga, kupeleka mpunga, polepole, na dereva ni yeye peke yake. Hapo napo nilijifunza. Kilomita ya lami na kilomita ya barabara ya tumbaku si ndugu. Gari lililokwenda mbali kwa mwendo mmoja, likabadilishiwa oili kila ilipotakiwa, linaweza kuwa zima kuliko lililozunguka mashambani miaka michache likibebeshwa magunia mpaka springi zinalala. Kwa hiyo ukimaliza juu, ingia chini. Kalale mchangani, usiogope kuchafua gauni. Tazama chesisi nyuma ya kabini, pale bodi inapoanza. Ukiona imechomelewa na kupakwa rangi nyeusi mbichi, inuka, jipanguse, aga vizuri, nenda zako.

Usinielewe vibaya nikakuponza upande mwingine. Laki tatu peke yake si sifa. Huenda ile ya kijani imechoka kweli, na ile nyeupe kweli ilikuwa ya mtu aliyekaa ofisini akaiendesha siku za kwenda kusalimia wakwe. Mimi nimeona picha tu, na picha hazitoi moshi. Sikuchagulii. Nimejikaza sana hapa nisikuchagulie, na kama unaona mahali nimeandika nikafuta, ndipo hapo.

Bibi yako alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kunisimulia tukiwa garini. Babu yake alikuwa mpagazi, na alikuwa akisema kwamba wakubwa wa misafara walipokuja kuchagua watu hapa Tabora, hawakutazama sura wala kifua. Walikuwa wakikupapasa bega. Bega likiwa na sugu, maana yake ulishakwenda pwani ukarudi, umeijua njia na njia imekujua. Vijana ambao hawajawahi kwenda walikuwa wanajisugua bega kwa kamba na mchanga siku nyingi kabla, ili lionekane limebeba. Bibi yako alicheka mpaka machozi akifika hapo. "Wao walikuwa wanajiongezea safari," alikuwa akisema, "na nyie mnazifuta kwenye magari yenu." Alikuwa akilisema hilo kwenye lile gari la bluu, khanga puani. Sikuwa nikitia maanani.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika, mwanangu.

Bibi yako alipofariki wewe ulikuwa darasa la kwanza. Utakumbuka watu wengi uani na wali mwingi. Labda hukumbuki kwamba Mzee Chidosa alikuja. Watani huja msibani kufanya kazi yao, na yeye aliifanya. Watu wamekaa kwenye mikeka, mimi nimeinama sioni mbele, akavuta kiti akakiweka katikati ya uwanja, akachukua khanga ya marehemu akajitanda kichwani, akakaa kama anayepanda gari. Akajifunika upande mmoja puani. Akaanza kutikisika huku na huku, anakohoa, anapungia waombolezaji mkono. Halafu akasema kwa sauti ya mama yangu, ile ile, "Gari zuri, mwanangu. Gari zuri."

Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikalala kwenye mkeka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia, kilio nilichokuwa nimekikosa tangu asubuhi.

Alipomaliza akaja kukaa karibu nami. Akaniambia taratibu, bila utani, "Mama yako alinijia siku ileile ya kwanza, mlipotoka Mtendeni. Aliniuliza gari lina nini. Nikamweleza yote. Nikamwambia nitakutafutia fundi, au nikuambie waziwazi ulirudishe." Nikamuuliza mama alijibu nini. "Alisema nisikuambie kitu. Alisema, Amelichagua mwenyewe. Aliendeshe kwanza."

Alijua tangu siku ya kwanza, Nyamizi. Alipanda lile gari miaka yote ile akijua, akameza moshi wote ule, na hakusema hata mara moja kwamba anajua. Nilidhani mama yangu hakuelewa magari. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa simwelewi yeye.

Kwa muda mrefu nilijiuliza kama alifanya sawa. Angenieleza mapema ningeokoa mengi, na wewe unanijua, mimi ni mtu wa kusema. Mpaka leo sina hakika. Lakini ninachokikumbuka zaidi kwenye gari lile si hasara. Ni yeye pembeni yangu, amenyooka kwenye kiti, anasalimia barabara nzima kana kwamba tumepanda gari la mkuu wa mkoa. Sikuwahi kujiona mjinga akiwa amekaa pale. Hasara nikaimaliza, na nikanunua gari jingine kwa akili zaidi, kwa sababu hakuna aliyenivunja moyo kwenye lile la kwanza.

Sina subira yake, ndiyo maana nimekuandikia haya yote kabla badala ya kunyamaza baada. Umeyasoma, basi ni yako. Ukiyatumia, vema. Ukiona nyeupe imekuvuta ukaenda nayo, ni gari lako na akili yako, na nilizizaa zote mbili kwa namna fulani. Fundi Hamisi nimemwambia hatuendi tena. Amesikitika, alikuwa amekwisha kufua.

Ninachotaka ni hiki kimoja. Ukishanunua, si kabla, tupigie simu asubuhi gari likiwa bado baridi. Usiniambie kilomita. Weka simu karibu na boneti, uliwashe, mimi na baba yako tusikilize. Hatutasema kitu zaidi ya hongera. Baba yako nitamkanyaga mguu.

Halafu mvua zikipungua tutakuja kukutembelea. Nitavaa khanga mpya, nitakaa mbele, na utanipeleka kwa hao watu wako wa asali niwaone. Nitawapungia watu wa Mpanda wote hata nisiowajua. Ukiniona nimejifunika puani, mwanangu, usinitazame. Endesha tu.

Mama yako, ambaye kesho stesheni atajifanya ana haraka ya kurudi nyumbani.